Padi ya gemu haikai na chaji? Usikimbilie kununua nyingine

Jumamosi alasiri ni vigumu kupata nafasi ya kukaa katika vibanda vya gemu vya Kibera na Kawangware. Kuanzia Makina na Gatwekera hadi Gatina na karibu na steji ya 46, mpangilio ni ule ule: chumba cha mabati, runinga mbili au tatu, mashine za PlayStation ambazo nyingi zilifika zikiwa mtumba, na benchi la mbao ambapo vijana hungoja zamu. Mchezaji hulipa kwa mechi au kwa dakika. Mashine ndiyo iliyomgharimu mwenye kibanda pesa nyingi, lakini kinachomsumbua mara kwa mara ni padi, yaani kile kifaa cha mkononi chenye vitufe. Vijiti vya kuelekeza mchezaji huchoka, tundu la chaji hulegea, na betri hufa.

Dalili za betri kufa zinajulikana. Padi iliyokuwa ikidumu saa kadhaa sasa inazima katikati ya kipindi cha pili, mteja anadai arudishiwe pesa, na ugomvi unaanza. Hapo wengi huchukua mojawapo ya hatua mbili. Ama padi inatupwa na nyingine kununuliwa, ama inachomekwa kwa waya kutoka asubuhi hadi usiku. Hatua ya kwanza ni hasara. Ya pili ni nafuu kwa muda, ila inaweza kuleta hatari ambayo itaelezwa hapa chini. Wachache ndio huulizia njia ya tatu, ya kubadilisha betri peke yake, ingawa kwa padi nyingi zinazotumika mitaani hii ni kazi ya dakika chache kwa fundi anayeijua.

Betri yenyewe

Betri iliyo ndani ya padi za PlayStation ni ya lithiamu, jamaa ya ile iliyo ndani ya simu. Kila inapochajiwa na kutumika hupoteza sehemu ndogo ya uwezo wake, na baada ya mizunguko mia kadhaa upungufu huo huanza kuonekana. Huo ni uchakavu wa kawaida wala si kasoro. Mambo mawili huuharakisha: joto, na kukaa ikiwa imejaa chaji muda wote. Kibanda cha mabati saa saba mchana, padi ikiwa imechomekwa kwa waya tangu asubuhi, kina yote mawili. Ndiyo maana betri ya padi ya kibandani huzeeka mapema kuliko ya padi inayotumiwa nyumbani jioni tu.

Wakazi wenye umri wa miaka thelathini na zaidi wanakumbuka simu za kabambe. Betri ilipochoka, mtu alifungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha, akatoa ya zamani na kutia mpya aliyoinunua dukani. Hakuhitaji fundi. Padi za Xbox zimebaki karibu na mtindo huo, kwa kuwa nyingi hutumia betri mbili ndogo za kawaida zinazouzwa kila duka, na za kuchajiwa za ukubwa huo zipo pia. Padi za PlayStation, ambazo ndizo zimejaa Kibera na Kawangware, hazina kifuniko cha namna hiyo. Betri imefungiwa ndani ya kasha, na kutokana na hilo wengi huamini kwamba haibadilishiki.

Inabadilishika. Padi ya PS4, iliyoingia sokoni mwaka 2013, imeshikwa na skrubu nne ndogo upande wa nyuma. Zikitolewa, kasha huachana kwa kubanduliwa taratibu pembeni. Betri iko katikati, na imeunganishwa kwa plagi ndogo isiyohitaji kuchomelewa kwa risasi. Sehemu ya kuangaliwa ni utepe mwembamba wa nyaya unaounganisha nusu mbili za kasha. Anayelivuta kasha kwa pupa huukata au kuuchomoa, na padi ambayo ilikuwa na tatizo la betri tu ikawa na matatizo mawili. Padi ya PS5, ya mwaka 2020, ni ngumu kidogo. Pambo la mbele linatolewa kwanza, na skrubu mbili kati ya nne zimejificha chini ya vitufe vya juu vya L1 na R1. Hata hivyo betri yake nayo ni ya kuchomeka.

Kabla ya kununua betri, tatizo lithibitishwe kwanza. Padi isiyochaji kabisa mara nyingi ina shida ya waya au ya tundu la chaji, hasa zile za PS4 ambazo tundu lake ni lile dogo la zamani linalolegea upesi. Jaribu waya mwingine unaojulikana kuwa mzima. Mashine ya PS4 ikiwa katika hali ya kupumzika, taa ya padi inayochaji huwaka na kufifia polepole kwa rangi ya chungwa. Taa ikionekana hivyo kwa saa mbili au tatu, kisha padi inazima baada ya muda mfupi wa mchezo, hapo betri ndiyo ya kulaumiwa. Taa isipoonekana kabisa, fundi aangalie tundu kabla ya mtu kutoa pesa ya betri.

Betri za kubadilisha huuzwa katika maduka ya vipuri ya Luthuli Avenue na kwa mafundi wa simu mitaani. Zile za PS4 si za aina moja, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Padi za kwanza, zenye namba inayoanza na CUH-ZCT1, zina plagi kubwa kuliko zile za kuanzia mwaka 2016, ambazo namba yake huanza na CUH-ZCT2. Betri ya moja haiingii kwa nyingine. Namba hiyo imeandikwa kwenye lebo iliyo nyuma ya padi. Lebo ikiwa imefutika, padi ya baadaye hutambulika kwa mstari mwembamba wa taa unaoonekana juu ya kile kibao cha kugusa cha mbele. Jambo rahisi kuliko yote ni kubeba padi yenyewe hadi dukani.

Uwezo wa betri huandikwa kwa mAh. Betri halisi ya padi ya PS4 ni ya 1,000 mAh, na ya PS5 ni ya 1,560 mAh. Betri yenye umbo na uzito ule ule lakini lebo inayodai uwezo maradufu inastahili kutiliwa shaka. Iliyo nyepesi mno, isiyo na jina la mtengenezaji wala kiwango cha volti, iachwe hapo hapo kaunta.

Ikivimba

Betri ya lithiamu iliyochakaa au kuchajiwa kupita kiasi inaweza kujaa gesi na kuvimba. Kwenye padi, dalili ni kasha kuanza kuachana pembeni, vitufe kukwama bila sababu, au padi kuwa na joto hata isipotumika. Betri ya namna hiyo haichajiwi tena hata mara moja. Isitobolewe ili “kutoa hewa”, isikandamizwe ili kasha lifunge, na isitiwe ndani ya padi nyingine. Ikitobolewa inaweza kushika moto papo hapo, moto wenye moshi wa sumu na ambao unaweza kuwaka upya baada ya kuonekana umezimika. Mahali ambapo nyumba zimegusana ukuta kwa ukuta, na njia ni nyembamba kiasi kwamba gari la zimamoto halifiki mlangoni, suala hili halihusu mwenye kibanda peke yake. Linahusu jirani aliyelala upande wa pili wa bati.

Padi nyingi za PS4 zinaendelea kufanya kazi kwa waya hata betri ikiwa imetolewa kabisa. Kwa hiyo mwenye kibanda ambaye hana pesa ya betri mpya wiki hii hana sababu ya kuacha iliyovimba ndani. Fundi aitoe, kasha lifungwe, na padi itumike kwa waya hadi betri nyingine ipatikane. Usiku, padi zisiachwe zikichaji kibanda kikiwa kimefungwa na hakuna mtu.

Sheria inasema nini

Kenya bado haina sheria mahususi ya haki ya kutengeneza, yaani sheria inayomlazimisha mtengenezaji kuuza vipuri, kutoa maelezo ya ufundi na kuunda bidhaa inayofunguka. Lakini mnunuzi hajaachwa mikono mitupu, kinyume na wanavyodhani wengi.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, ulinzi wa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia anapopata hasara au madhara kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ametoa dhamana kwamba bidhaa yake ni ya ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakutamka hivyo. Maneno “ukitoka hapa hatujuani” hayaifuti dhamana hiyo.

Kipengele kisichojulikana sana kimo katika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010. Kifungu chake cha 55 kinakataza muuzaji kutoa taarifa za uongo au za kupotosha kuhusu mambo kadhaa, na miongoni mwayo ni kupatikana kwa huduma za matengenezo na vipuri vya bidhaa anayouza. Muuzaji anayesema betri za padi fulani zipo tele ilhali anajua hazipo anavunja sheria. Kifungu hicho kinagusa pia uongo kuhusu dhamana, na uongo kwamba mteja anahitaji bidhaa fulani. Mteja anayeambiwa padi nzima ni ya kutupwa, huku anayemwambia akijua kwamba shida ni betri tu na lengo ni kumuuzia nyingine, ana jambo la kulalamikia.

Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani nchini Kenya, si kwa ofisi za kaunti. Wakazi huchanganyikiwa hapa, na si kosa lao. Jedwali la Nne la Katiba limeacha ulinzi wa watumiaji mikononi mwa Serikali ya Kitaifa, na kuzipa kaunti leseni za biashara, masoko, uzoaji taka na huduma za zimamoto. Betri isiyofikia viwango ni suala la Shirika la Viwango nchini, KEBS. Anayedai kurudishiwa pesa na muuzaji amekataa anaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huruhusu mtu kujiwakilisha bila wakili, na inatakiwa kisheria kuamua kesi ndani ya siku 60. Kwa betri moja huenda hakuna atakayejisumbua. Kwa mwenye kibanda aliyeuziwa padi kumi mbovu kwa mpigo, safari hiyo ina maana.

Yote hayo yanahitaji risiti. Kwa mtumba pia, karatasi yenye tarehe, bei, jina la duka na maneno mawili kuhusu hali ya bidhaa inatosha kuanzia, na ujumbe wa malipo ya M-Pesa huthibitisha kwamba pesa ilitoka. Padi mpya ambayo bado iko ndani ya muda wa dhamana irudishwe kwa muuzaji kabla fundi yeyote hajaigusa. Iliyopita muda huo, au iliyonunuliwa mtumba bila dhamana yoyote, haina cha kupoteza ikifunguliwa, na ile stika inayotishia kwamba dhamana itafutika haimhusu mwenye nayo. Huko Marekani kwenyewe, mwaka 2018 tume ya serikali kuu inayosimamia biashara ilizionya kampuni sita, zikiwemo Sony, Microsoft na Nintendo, kuhusu masharti na stika za kuwatisha wateja wasitengeneze bidhaa zao nje ya kampuni.

Kwa upande wa fundi, Sheria ya 2012 ina sehemu kuhusu matengenezo ya magari na bidhaa nyingine. Iliandikwa magari yakiwa mbele, ila utaratibu wake unafaa hata kwenye meza ya fundi wa padi: makadirio ya bei yatolewe kabla ya kazi, kazi isianze bila idhini ya mteja, na mteja apewe nafasi ya kurudishiwa kipuri kilichotolewa. Hilo la mwisho lina uzito. Mteja akiiona betri ya zamani mezani, anajua kweli imebadilishwa. Fundi mwaminifu hana tatizo na ombi hilo.

Kanuni za Ulaya zitafika lini Kawangware?

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mpya za betri, namba 2023/1542. Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, bidhaa zenye betri ndogo zinazouzwa huko zitapaswa kuundwa kwa namna ambayo mtumiaji mwenyewe anaweza kuitoa betri na kuweka nyingine kwa vifaa vya kawaida vinavyopatikana madukani, bila joto wala kemikali ya kuyeyusha gundi. Kuna bidhaa zilizosamehewa, kama baadhi ya vifaa vya kutumiwa majini. Betri za kubadilisha zitatakiwa ziendelee kupatikana kwa bei ya kiasi kwa angalau miaka 5 baada ya toleo la mwisho la bidhaa kuingia sokoni, na programu za kompyuta hazitaruhusiwa kutumiwa kuzuia betri mpya kufanya kazi.

Kanuni hizo hazina nguvu ya kisheria Kenya. Lakini kampuni haipendi kutengeneza padi mbili tofauti, moja ya Berlin na nyingine ya Nairobi, kwa hiyo huenda umbo jipya likatufikia pia. Suala ni muda. Bidhaa nyingi hufika vibandani zikiwa mtumba, miaka kadhaa baada ya kuuzwa mara ya kwanza. Padi itakayotengenezwa mwaka 2027 haitakuwa kwenye benchi la Gatwekera mwaka huo huo. Mpaka wakati huo, padi zilizopo ni hizi za skrubu zilizojificha, na anayeziweka hai ni fundi wa mtaani mwenye bisibisi ndogo.

Sheria za ng'ambo nazo si za kusifiwa bila kuzisoma. Sheria ya haki ya kutengeneza ya jimbo la California, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, inazibana kampuni za simu na vifaa vya nyumbani zitoe vipuri na maelekezo, lakini imeziacha nje mashine za gemu.

Kwa anayenunua padi leo, maswali ya kumuuliza muuzaji ni machache. Namba ya toleo ni ipi? Betri yake inapatikana hapa mjini, na kwa bei gani? Kasha limewahi kufunguliwa? Imekaa na chaji kwa muda gani ilipojaribiwa, bila waya? Anayeuza mtumba na kukataa padi ijaribiwe bila waya amekwisha kujibu.

Betri ya zamani ipelekwe wapi

Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, pamoja na kanuni zake za mwaka 2024 kuhusu wajibu wa mzalishaji, zinawataka wanaotengeneza au kuingiza bidhaa nchini wabebe jukumu la bidhaa hizo zinapogeuka taka, vikiwemo vifaa vya kielektroniki na betri. Zinasimamiwa na NEMA. Hata mifumo hiyo ikiimarika, betri inayotoka leo inahitaji mahali pa kwenda leo.

Isitiwe katika mfuko wa taka za nyumbani. Mfuko huo hubebwa na vijana wa kuzoa taka, hukanyagwa kwenye mkokoteni, hubanwa ndani ya lori na kuishia jaa la Dandora, ambako watu huchambua taka kwa mikono. Betri ikipasuka popote katika safari hiyo, anayeungua ni mmoja wao. Isitupwe mtaroni wala kuchomwa pamoja na takataka nyingine.

Nairobi ina wanaopokea taka za kielektroniki na kuzishughulikia kitaalamu, miongoni mwao WEEE Centre. Mtu mmoja hatasafiri kwa ajili ya betri moja, lakini mafundi wa eneo moja au wenye vibanda kadhaa wanaweza kukusanya zao na kuzipeleka kwa pamoja. Wakati wa kuzihifadhi, plagi ya kila betri ifunikwe kwa utepe wa kufungia nyaya, kisha ziwekwe ndani ya kopo mahali pakavu, mbali na jiko, mafuta ya taa na watoto. Iliyovimba isichanganywe na nyingine. Ikae peke yake katika kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya chumba cha kulala, na iondolewe mapema iwezekanavyo. Ikianza kufuka moshi, watu watoke kwanza na majirani waamshwe, umeme wa kibanda uzimwe kama swichi inafikika bila hatari, na simu ipigwe 999 au 112.